Pete ya Bwana Harusi wa Keki

Jumamosi, Mbinga. Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, baridi ya Julai inauma hadi kwenye meno, na hasira niliyonayo imenipa joto kuliko sweta.

Niseme mapema: leo sina roho nzuri. Anayemtaka mwalimu mpole aje shuleni Jumatatu. Majina ya watu humu nimebadilisha, mengine yote nimeyaacha yalivyo.

Nje ya kufundisha natengeneza maharusi wadogo wa udongo, urefu wa kidole, wale wanaosimama juu ya keki. Wateja huja na ombi lilelile: mkufu wa dhahabu, hereni za dhahabu, pete ya dhahabu. Na mimi rangi ya dhahabu ya kopo situmii. Ukiipaka kwenye kitu kidogo namna ile inafanana na karatasi ya pipi, na simu ikipiga picha inageuka kijivu. Dhahabu yangu haina hata chembe ya kumetameta. Natandika kahawia iliyoiva, napandisha rangi ya bizari, kisha njano, halafu nukta ya nyeupe pale ambapo mwanga ungegonga. Kazi yote ni kuliweka giza jirani kabisa na mwanga. Jicho linajidanganya lenyewe.

Ufundi huo nilijifunza kwa kunakili pete yangu ya uchumba.

Ndiyo, niliwahi kuwa na mchumba. Festo, alikuwa na kazi hapa mjini kabla hajahamishiwa Mbamba Bay. Jumapili baada ya misa nilikuwa naiweka pete yake juu ya karatasi nyeupe dirishani, nachora kila kivuli. Nilijiona nina bahati. Wenzangu wanajifunzia picha za kwenye simu, mimi dhahabu yenyewe ninayo kidoleni.

Halafu Mzee Hamisi, sonara wa pale sokoni, akaagiza maharusi kwa ajili ya keki ya binti yake. Nilipompelekea aliwasogeza machoni, akatabasamu. "Mwalimu, shaba umeipatia. Sijaona mtu anachora shaba hivi."

Nikamwambia ni dhahabu, nimeinakili kwenye pete hii hapa. Akaitazama kwa muda. Kisha akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba dhahabu kivuli chake kinaelekea wekundu, rangi ya chai ya rangi, ila shaba hii ya njano kivuli chake kina ukijani. Na huo ukijani nilikuwa nimeuchora mwenyewe, kwa uaminifu wote, bila kujua ninachora nini.

"Pole, mama," alisema.

Ningemsamehe Festo kama angesema hakuwa na uwezo. Ningevaa hata pete ya uzi. Nilimwonyesha pete, nikamwonyesha na kidole kilivyoingia kijani, akakasirika eti namkagua. Si muda nikasikia kanisani kwamba uchumba umevunjika kwa sababu mwalimu anapenda sana dhahabu. Akina mama wa jumuiya wakaja nyumbani kunionya juu ya tamaa. Kunionya mimi. Nikawapikia chai, na mpaka leo ile chai sijajisamehe.

Sasa wiki iliyopita mama mmoja wa Mapera amenipigia simu, anataka maharusi kwa keki ya mtoto wa kaka yake. Akatuma picha ili nipatie sura. Bwana harusi ni Festo.

Nilicheka peke yangu jikoni.

Kazi niliikubali upesi mno. Nikamwomba yule shangazi amwambie bibi harusi aniletee pete yake ya uchumba niinakili. Nilishapanga: naichora kama ilivyo, na ukijani wake wote, kisha namwonyesha na kumweleza maneno ya Mzee Hamisi. Harusi ife kabla keki haijaokwa. Nilitaka Festo aumbuke mbele ya ukoo mzima, yeye na suti yake.

Leo bibi harusi amekuja. Edita, nesi, amepanda kutoka Mbamba Bay na gari la alfajiri. "Shikamoo, mwalimu," halafu akanikabidhi mfuko wa usipa, vile visamaki vya ziwani, vimekauka vizuri. Hajui mimi ni nani kwa mchumba wake, na bwana harusi gani anaulizwa mambo ya keki? Akavua pete bila wasiwasi, akaiacha mezani, akaenda kwa fundi kupima gauni.

Nikafunga mlango. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua safi. Nikaweka karatasi nyeupe dirishani, nikainama kuutafuta ukijani.

Haupo.

Nikaigeuza. Nikaisugua kwa kitambaa, nikaisogeza mpaka pumzi yangu ikaifunika. Kivuli ni chai ya rangi tupu. Dhahabu.

Nilikaa chini. Kumbe siku zote hizi nilikuwa nimembakizia Festo kaupenyo: pengine na yeye alitapeliwa dukani. Wala. Tofauti anaijua, na duka la kweli anajua lilipo. Ni kwa ajili yangu tu hakuona sababu ya kufika.

Na hili naliandika ingawa linanitia aibu: niliivaa. Ilinikaa vizuri kuliko yangu.

Edita aliporudi aliuliza kama pete yake inachoreka. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Ningeweza kumwambia ni shaba, akashuka na neno hilo mpaka ziwani likimla moyo njia nzima. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye kanyoosha kidole chake ananisubiri nimvishe, kama mtoto anayevishwa saa. Huyu hajaninyima kitu.

"Ni dhahabu safi," nikamwambia. "Itunze."

Mchana kutwa nimepaka. Bibi harusi nimempa pete yake kama ilivyo, wekundu kwenye kivuli na nukta ya nyeupe juu. Sijawahi kuchora dhahabu nzuri kama ile, na kila nilipogusa brashi iliniuma.

Bwana harusi nimempa ya kwangu. Ileile, na ukijani wake. Chini ya pete, kwenye ngozi ya kidole, nimemzungushia na alama ya kijani, ile niliyokuwa naisugua kwa limao nikidhani ni wino wa shuleni.

Wageni hawataiona. Edita hataiona, na sitaki aione. Lakini bwana harusi huinama kukata keki, uso unafika pale kabisa, huku kamera zote zimemwelekea na anatakiwa atabasamu. Ukumbi mzima utakuwa na mtu mmoja tu anayejua kidole changu kilikuwa na rangi gani.

Nilitaka kisasi kikubwa. Hiki kinaenea kwenye punje ya mchele, ila ndicho pekee nilichopata ambacho hakimwumizi mtoto wa watu.

Rangi inakauka. Shangazi anakuja kuwachukua kesho baada ya misa, na mpaka hapo nina muda wa kutosha kufuta.

Sifuti.