Jina Nyuma ya Picha

Salto, 4 Mei 1951

Mdogo wangu Olegario,

Salamu nyingi. Mama bado anakohoa ila supu anakunywa, na anakusalimu. Kifua chako vipi na baridi ya Montevideo?

Gazeti limefika jana. Picha yangu, ile ya miraba myeusi na mistari myekundu, imepata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho, na chini yake wameandika jina la Mwalimu Pradines. Pradines huyuhuyu aliyeita miraba yangu vigae vya choo mbele ya darasa zima. Miaka ishirini anachora samaki na chupa, leo eti ndiye wa kwanza nchini kuthubutu kuchora picha isiyo ya kitu chochote. Nina hasira sana. Wewe ndiye uliyeitia fremu ukaipeleka. Ulifanya nini?

Dadako, Zulma


Montevideo, 11 Mei

Shikamoo dada,

Kifua kizima, nashindia ile chai yetu ya moto ya majani ya mate. Mpe Mama pole.

Kosa ni langu. Wewe jina huliweki mbele, unasema linaharibu mistari. Unaliandika nyuma tu. Mimi nikaona mgongo wa turubai umechafuka, nikaupigilia ubao safi ili wasikudharau. Jina likabaki ndani. Karani wa maonyesho akaona picha imetoka karakana ya Pradines, ninakofanya kazi ya fremu, akajaza alivyojaza. Nimemwendea Pradines. Kasema, "Kijana, kila kinachotoka kwangu kina mkono wangu." Akafunga mlango.

Nduguyo, Olegario


Salto, 19 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama usiku analala kidogo. Siwezi kumwacha, kwa hiyo utakwenda wewe. Chukua koleo, ung'oe ubao mbele ya majaji, wasome. Sitaki tuzo, nataka wajue ni nani aliyeichora.

Dadako, Zulma


Montevideo, 2 Julai

Dada Zulma,

Natumaini nyote hamjambo. Nimechelewa kwa sababu sikujua nitakuandikiaje.

Niling'oa misumari yote mbele ya majaji watano. Jina lako lilikuwepo, na mwaka, 1946. Pradines akawa anatazama viatu vyake. Nikajua tumeshinda. Halafu jaji mkubwa akaisogelea, akasema, "Kumbe ni ya msichana. Mimi nilidhani kuna fikra humu." Wenzake wakacheka. Tuzo wamempa mwingine, mchoraji wa ng'ombe. Picha wameishusha ukutani, iko hapa kwangu. Nisamehe, dada.

Nduguyo, Olegario


Salto, 9 Julai

Mdogo wangu,

Mama amekaa kitandani leo, ameomba mkate. Mimi, msichana wa miaka arobaini na mmoja, sijambo.

Nimelia siku mbili, sikufichi. Ila gazeti bado ninalo. Waliisifu kabla hawajanijua, na maneno yale hawawezi kuyafuta. Ipakie kwenye treni ya Ijumaa. Na rangi nyekundu imeniishia, niwekee mikebe miwili.

Dadako, Zulma