Ng'ombe wa Mjomba na Matofali Yetu

Mama mpendwa, shikamoo.

Huku Ushirombo jua ni kali, na kaka yako amenichosha. Alikubali tumjengee Bibi jiko kwa matofali ya udongo na saruji kidogo, yasiyochomwa, ili tusiukate mkwaju wa Bibi kwa kuni za tanuru la kuyachomea. Nilimweleza tuyafunike kwa nyasi na kuyamwagilia maji wiki nzima. Siku ya pili akawaacha ng'ombe waingie uani. Wamekula nyasi zote, wakayakanyaga matofali, na yaliyobaki yamepasuka kwa jua.

"Mjomba, nilikuambia uwafungie."

"Ng'ombe hawajasoma shule yako," akajibu, huku akinoa shoka.

Nilitaka kulia. Bibi akachungulia dirishani. "Kata tu, mwanangu. Ila uji wenye ukwaju usiniombe tena."

Mjomba akaweka shoka chini na kuchukua koleo. Leo tumefyatua matofali mengine, na ng'ombe wamefungiwa. Zimebaki siku sita za kumwagilia. Tuombee zipite salama, Mama, nawe upumzike.

Akupendaye,
Kabula