Mwalimu Aliuliza Kama Wamefunga

Chumba cha cherehani,
Nyumbani,
Jumapili jioni, baada ya shule kufungwa.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na huyo kichanga wenu ambaye bado hatujapata kumbeba. Mgongo unaendeleaje? Ulisema kazi ya ghalani inakuinamisha kutwa nzima. Nakuomba usinyanyue magunia kama kijana, umri umekwenda, tusidanganyane. Sisi huku wazima. Mimi ni macho tu, siku hizi uzi natungiwa na mwanao. Lile bati la jikoni lililokuwa linavuja limezibwa.

Najua unataka niachane na bati niseme habari za binti. Tulia. Ningekupigia simu, lakini wewe ukipandwa na hasira unakata, na mimi nikikatiwa simu napandwa pia. Barua haikatwi. Dereva wa lori anakuja huko na mzigo, nimembembeleza akuletee mkononi. Isome mpaka mwisho, usiruke.

Alhamisi mkuu wa shule alikupigia akakwambia mwanao aliacha maabara wazi, darubini imeibiwa, na alipoulizwa na mwalimu alidanganya kwamba amefunga. Wewe hukuuliza la pili. Ukapiga hapa ukamwambia mtoto, "Mimi sina mtoto mwongo. Usinipigie mpaka uwe na ukweli." Nilikuwa nimekaa papa hapa kwenye cherehani, nilisikia yote. Tangu saa ile, mtoto tuliyemwita Chiriku kwa sababu ya domo lake hajaongea maneno ya kujaza kijiko. Anakula akiitwa, anaosha vyombo bila kuambiwa, na hilo la vyombo ndilo lililonitia hofu zaidi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Jumatano walikuwa na michezo ya kumaliza muhula. Asubuhi walifanya mtihani wao wa mwisho wa baiolojia, ule wa vitendo, na yeye kama kiranja wa maabara akabaki kuosha vioo na kurudisha vyombo kabatini. Hajamaliza, filimbi ikalia uwanjani. Fainali ya mpira wa miguu ya wasichana, kidato cha tatu na kidato cha nne, na mshambuliaji wa kidato cha tatu ni nani kama si huyu wako? Akatia ufunguo mfukoni akatoka mbio, akijiambia atarudi kufunga wakati wa mapumziko.

Mapumziko yakafika wakiwa wanaongoza mabao mawili. Unamjua mwanao akifurahi. Hata kichwa chake angeweza kukisahau mahali, sembuse mlango.

Hapo ndipo mwalimu wa maabara alipopita na pikipiki akielekea kwake. Akasimama nje ya uzio, injini inanguruma, akapaza sauti, "Mmefunga?" Naye katikati ya wenzake, jasho linamtiririka, akajibu, "Tumefunga, mwalimu!" akanyoosha vidole viwili juu. Mwalimu akadhani anaagwa. Akapunga mkono, akaenda zake.

Umenielewa, kaka? Huyu anauliza mlango, yule anajibu mabao. Kesho yake asubuhi mlango ukakutwa wazi, na darubini mpya, ile pekee yenye taa yake, haipo.

Mtoto alieleza hivi hivi tangu mwanzo, hakubadilisha hata neno. Nani amwamini? Mwalimu wa maabara alisema yeye aliuliza kwa Kiswahili na alijibiwa kwa Kiswahili. Mkuu wa shule akasema tangu aanze kazi amesikia visingizio vya kila namna, ila hiki kimeshonwa vizuri. Aliyasema hayo mbele yangu mimi fundi cherehani, Alhamisi hiyo nilipoitwa shuleni. Nikajifanya sikusikia, maana aliyeshika kalamu ni yeye.

Ijumaa ikawa siku ya kufunga shule. Wazazi walikaa chini ya turubai, masanduku na magodoro yamejaa barazani, watoto wanaandikiana majina kwenye mashati. Wakaanza kugawa zawadi. Ya baiolojia ilikuwa ya mwanao, shule nzima inalijua hilo. Mwalimu akasoma ya hisabati, akasoma ya kemia, baiolojia akairuka kama vile somo hilo halifundishwi. Chiriku alikuwa kando yangu anaukunja ukingo wa sketi yake na kuukunjua. Nilitamani kuondoka naye palepale, lakini tulikuwa tumeitwa ofisini.

Ofisini tulikuwa mkuu mwenyewe, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa maabara, mimi na mtoto. Dirisha halifunguki, joto la kukamua nguo. Mwalimu wa nidhamu akatupa njia mbili. Akubali kwamba alidanganya, aombe radhi, asimamishwe kwa muda kisha arudi darasani. Akikataa, muhula ujao atafute shule nyingine. Na wewe niambie, shule gani itampokea mtoto anayekaribia kidato cha nne aliyefukuzwa kwa uongo na wizi wa darubini?

Sikufichi, nilimkanyaga mguu chini ya meza akubali yaishe. Akauvuta mguu wake. Akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika.

"Mlango sikufunga, kosa ni langu, niadhibiwe. Ila sikudanganya. Baba amesema nimpigie nikiwa na ukweli. Nikikubali hili, nitampigia na nini?"

Kaka, hapo na mimi nikauvuta mguu wangu. Maneno yako ndiyo yaliyokuwa yanamfukuzisha shule, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua.

Mkuu akavuta karatasi mbele yake akaanza kuandika. Nikajua basi, imekwisha. Ndipo simu yake ikaita. Sasa ile simu yake ni mbovu, haisikiki mpaka aweke sauti ya nje, ndiyo maana shule nzima inajua hata anagombania nini na mume wake. Alikuwa anasubiri kupigiwa na mwenyekiti wa bodi kuhusu hii darubini, kwa hiyo akaipokea bila kuangalia, kalamu ingali mkononi. Sauti nzito ya mwanamume ikasalimia, kisha ikauliza, "Samahani mkuu, mmefunga?"

Akajibu, "Hatukufunga, mwenyekiti. Mlango ulikuwa wazi usiku kucha."

Yule mtu akasema taratibu, "Mlango gani tena? Mimi ni mzazi. Nauliza kama mmefunga shule, nije kumchukua kijana wangu."

Naapa, hakuna aliyecheka. Mkuu aliitazama ile simu kana kwamba imemtukana. Mwalimu wa nidhamu akageukia dirisha lisilofunguka. Mimi domo hili unalolijua nililifunga kwa nguvu zote, maana niliona nikisema neno moja nitaharibu. Ni mwalimu wa maabara aliyeongea. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hata mimi sikutaja mlango," akasema. "Nilisema mmefunga tu."

Mkuu akamwambia yule mzazi aje, shule imefungwa. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akaikunja ile karatasi akaitia kwenye droo. Mwanao muhula ujao anarudi darasani kwake. Ukiranja amevuliwa, na kila Jumamosi atasafisha maabara mpaka amalize kidato cha nne. Nami nasema hiyo ni haki yake, mlango ni mlango. Darubini haijaonekana, polisi wanaulizauliza. Lakini neno uongo limefutwa, na zawadi ya baiolojia alipewa pale pale ofisini, bila makofi. Tulipotoka mwalimu wa maabara alitufuata barazani akamwomba radhi mtoto, mtu mzima yule, mbele ya masanduku na watoto wa watu. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine nitaona.

Nilidhani tukifika nyumbani atakurukia kwa simu. Wapi! Jana nikamwuliza, sasa ukweli unao, mbona humpigii baba yako? Akaniambia, "Shangazi, ukweli nilikuwa nao hata Alhamisi." Akaendelea kukata nyuzi.

Ndipo nikatafuta karatasi nikuandikie, kaka. Jibu ni lako.

Mama mdogo anakusalimu, anauliza lini mtakuja. Fundi bomba rafiki yako naye anakusalimu, bado anasimulia uongo ule ule wa zamani. Mkumbatie wifi, mbusu kichanga wetu. Mungu akulinde huko ghalani, akupe riziki ya halali na mgongo ulionyooka.

Simu yangu iko hapa juu ya cherehani. Kila ikiita, mkasi wake unasimama hewani mpaka aone ni nani. Piga wewe. Ongea naye chochote, hata habari za magunia yako, ila nakuomba usimwulize kama wamefunga.

Wako akupendaye hata ukinuna,
Dada yako, fundi.