Wavuvi wa Risasi na Wavuvi wa Resina

Baba yangu,

Shikamoo huko ulikolala. Nakuandikia kwa sababu hapa sina wa kumwambia, na uso wa kumtazama mdogo wangu Saidi pia sina.

Unakumbuka tulipohamishiwa kijiji kipya cha Quitunda? Bahari ikawa mbali, nyavu yako ikakaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakawa wanataga humo. Ukakata risasi zake, vile vizito vya kuzamishia, ukaziyeyusha kwenye kopo la samaki, ukatumiminia vinyago vya mchezo wetu wa mezani: wavuvi wadogo wa kupambana na mapapa. Kabla ya kumimina ulibonyeza dole gumba kwenye kalibu ya udongo. "Hii alama ya nyavu zangu," ulisema. "Risasi ya mtu ijulikane ya nani." Ndiyo maana kila mvuvi alikuwa na kinundu chini ya miguu, chenye mistari ya kidole chako, na mezani akawa anayumba kama mlevi. Tulicheka mpaka mama akatufukuza.

Mimi, fundi wa boti za fibra, nilikubeza. Nikakuringia wavuvi wangu wa resina, ile gundi ya boti inayoganda kama plastiki, wepesi, wanaoonekana hata kucha, hata mikunjo ya msuli. Ukamwangusha mmoja kwenye saruji, shingo ikakatika. Ukamwangusha wako, akapinda mkono tu, ukaunyoosha kwa koleo. Ulinitazama tu, ukaendelea kucheza.

Sasa Saidi amerudi kuvua, yuko Palma, pwani. Alinijia juzijuzi: "Kaka, nyavu yangu inaelea. Wale wa baba ni risasi tu, nipe nikayeyushe." Nikamwambia asubiri kwanza niwatoe nakala za resina, ili ubaki nasi. Weee, nilivyojisifu siku ile!

Lakini vijana ninaocheza nao wanalalamika kwamba wavuvi wako hawatulii mezani. Basi kabla ya kuwamwagia silikoni ya kutengenezea kalibu, nikachukua tupa, nikasawazisha chini ya kila mmoja. Nilijua kile kinundu ni nini, baba. Sikusahau. Nilitaka tu wasimame vizuri. Nilipokwisha kutoa nakala, nikampa Saidi wale wa risasi, akaondoka akinishukuru.

Jana kaniita nikaone nyavu. Kaimimina ile risasi upya kwenye udongo, na kila moja ina alama ya dole lake. "Nimefanya kama baba," akasema, anatabasamu. "Kesho nikitoka msikitini nakuja kwako. Nitolee mvuvi mmoja, niweke alama yangu karibu na ya baba, nione kama vidole vyetu vinafanana."

Nikamjibu, "Karibu."

Na kesho yenyewe ndiyo leo. Wavuvi wa resina wamejipanga mezani, wamesimama wima kabisa, na chini ni laini kama sahani. Nimewageuza mmoja mmoja, labda ningekuta hata mstari. Hakuna. Naona haya, baba, hata kuwashika naona haya.

Vumbi la tupa bado lilikuwepo pale nilipofanyia kazi. Nimelifagia kwa manyoya ya kuku, nimelitia kwenye kikopo, limejaa kiasi cha kijiko. Kidole chako ndicho hicho. Akiingia Saidi nitamkabidhi kabla hajaketi.

Nisamehe.

Mwanao wa kwanza, mwenye tupa