Mahindi ya Mama Mkwe Yaliishia Mkutanoni

Mpendwa mshauri Doña Otilia, naomba msaada wako kabla mvua haijashika, na naomba pia ukisoma barua hii redioni jina langu usilitaje, maana mimi ni mtu ninayejulikana, si hapa Intibucá tu, hata mji mkuu, Tegucigalpa, ukisikia kwenye mikutano ya kilimo hai mtu anatambulishwa kuwa Mlinzi wa Mbegu wa milima yetu ujue ndiye mimi, nimehudhuria warsha ya mboji, semina ya minyoo ya mbolea, mafunzo ya dawa za majani za kufukuzia wadudu na makongamano ya uhuru wa chakula mpaka nimesahau mengine, na mifuko ya vitambaa ya mikutano hiyo imejaa nyumbani kiasi kwamba mke wangu anaitumia kubebea majivu, jambo ambalo kwa kweli linaniumiza.

Tatizo langu ni huyo mke. Delmira hana moyo wa mkutano kabisa. Mimi nikimweleza kwamba udongo ni kiumbe hai, yeye anauliza kama hicho kiumbe kimeshapaliliwa, nikimwambia lile biwi letu la mboji limekaa muda mrefu bila kugeuzwa ananijibu, “Koleo hilo hapo,” wakati anajua fika kwamba kazi yangu ni kufundisha, na sasa kuku wameligeuza kitanda na mimi naona aibu hata kupita upande ule.

Basi nikaalikwa kwenye kongamano kubwa la wakulima wadogo, hotelini, na wewe unaijua desturi yetu, mkutano haufunguliwi mpaka tupange mbegu sakafuni kwa duara, mahindi, maharage, maua na mishumaa, kila mjumbe anamimina kiganja chake, tunaimba tumeshikana mikono. Nikajiambia Mlinzi wa Mbegu hawezi kufika na kiganja kama ombaomba, nikapanda juu ya jiko nikateremsha mahindi yote ya mbegu yaliyoning'inia kwenye moshi, yale mekundu ya huku kwenye baridi, aliyoachiwa Delmira na marehemu mama yake, nikayapukuchua yeye akiwa kwa jirani, na kule ukumbini nikayamimina yote, Doña Otilia, likatokea jua jekundu katikati ya duara, watu wakapiga makofi, Mzungu mmoja akalia, nami nikapigwa picha nimepiga magoti mbele ya mbegu. Nilitaka kuzizoa baadaye. Lakini siku ya kufunga kila mjumbe huchota kidogo za kumbukumbu, na mimi nilikuwa nje nahojiwa, niliporudi sakafu ilikuwa imeshafagiliwa, nikaambulia mfuko wa mchanganyiko, mahindi ya pwani, ufuta, na mbegu nyingine ambazo hata aliyenipa hakuzijua.

Nimefika nyumbani, Delmira akatazama juu ya jiko, akaona kamba tupu.

“Evelio, mbegu ya mama iko wapi?”

“Nimeishirikisha, mke wangu. Mbegu ni ya watu wote.”

“Sawa. Basi hao watu wote waje wakupikie.”

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akafunga kuku miguu, akajitwika jiwe la kusagia mahindi, akaenda kwa kaka yake Toribio, na tangu hapo nakula mikate ya dukani kama mtalii. Nilipomfuata, shemeji yangu alinikuta getini akaniambia, “Shemeji, si wewe ndo mlinzi? Sasa mbegu imetoroka ukiwa lindo gani?” Watoto wake wakacheka, hata mbwa nadhani.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mvua ni wiki ijayo, na majirani watakuja na vijiti vyao vya kupandia kwa sababu Delmira amezunguka akiwasaidia kupanda na zamu imetufikia sisi, na siku hiyohiyo waandaaji wa lile kongamano wanaleta wageni na kamera kuona shamba la mfano na kula mikate ya mahindi yetu mekundu. Ikabidi ninunue mbegu za duka la pembejeo, zile zilizopakwa dawa zikawa rangi ya waridi, nikaziosha kwenye beseni kwa sabuni ili wageni wasizitambue, nikaziosha tena na tena, rangi imegoma, na vidole vyangu navyo vimekuwa vya waridi, natembea mikono mfukoni kama mwizi.

Nakuomba unishauri nimrudishe vipi Delmira kabla wageni hawajafika, arudi kwa heshima, bila mimi kuonekana nimeshindwa, na asisahau lile jiwe.

Ni mimi,
Mlinzi wa Mbegu.

*

Evelio, jina lako nilikuwa tayari kulificha, ila umeliandika mwenyewe katikati ya barua, na mimi barua nazisoma zote kama zilivyo. Pole. Na kama lingefichika jina, vidole visingefichika.

Tuanze na hivyo vidole, maana vina haraka. Maji ya lile beseni uliyamwaga wapi? Usinijibu mimi, jijibu moyoni mwako, na kama ni karibu na kijito nenda ukawaambie majirani wa bondeni leo hii, wasinyweshe mifugo wala kuchota hapo. Ile rangi imewekwa kusudi, ili binadamu mwenye macho asiile wala kumpa kuku. Wewe ukakaa na sabuni kuiondoa! Mtu aliyefundisha wilaya nzima dawa za majani amejifungia uani anaogesha sumu. Mbegu hizo zifunge vizuri uzirudishe dukani, beseni hilo lisiguse chakula tena, na mikono uioshe kila unapotaka kula hiyo mikate yako ya kitalii.

Sasa nisikie. Mimi mikutano siipingi. Kwenye mkutano ndiko nilikojifunza kuchachusha mbolea ya samadi na majivu, nikarudi nikaichachusha, ikanuka mpaka mume wangu akahamia kwa dada yake, na viazi vyangu vikapona. Wewe umejifunza hayohayo, ila hujanuka hata siku moja. Na nyie waandaaji mnaosikiliza, msijifiche nyuma ya Evelio. Mnawaita wakulima hotelini kuwafundisha kuhusu udongo wakati udongo wao unasubiri jembe, mnawapa soseji na soda, halafu mnafagia mbegu zao kwa ufagio wa hoteli.

Evelio, mimi nimekasirika, na sitakuficha. Mahindi yale mama mkwe wako aliyabeba mgongoni mwaka wa njaa, watoto wakila majani yaliyochemshwa, na mbegu hakuigusa. Kisa hicho unakijua, maana unakisimulia kila mkutano kwa sauti ya kutetemeka. Umekisimulia mpaka umeona ni chako. Kwa mahindi ya pwani huku kwetu kwenye baridi utavuna majani marefu ya kupigia picha. Delmira hakuondoka kwa sababu hana moyo wa mkutano. Aliondoka kwa sababu uliteremsha kitu pekee alichoachiwa na mama yake, ukakifanya pambo la sakafu, na aliporudi ukampa hotuba.

Hata hivyo nakuelewa. Mtu aliyekua akiambiwa mkulima hana akili, akipigiwa makofi na ukumbi mzima lazima kichwa kizunguke. Kingekuwa changu pia kingezunguka. Lakini kichwa kikishatulia, mtu husema samahani, na katika barua yako yote ndefu neno hilo nimelitafuta nikalikosa.

Bahati yako ni kwamba uliyemwoa si mchoyo. Mwaka mvua ya mawe iliponimalizia shamba, Delmira alikuja kwangu na mahindi mekundu kwenye shuka, akayaning'iniza juu ya jiko langu mwenyewe, hakutaka hata kunywa kahawa. Barua yako ilipofika nikatoka kuulizia mahindi hayo kwa wanawake wa huku. Kumbe alifanya hivyo nyumba nyingi. Huyu akatoa mahindi mawili, yule matatu, mwingine kikombe. Hayajai shamba lako lote, lakini yanatosha kipande cha juu, na yakivunwa mbegu imerudi. Tumeyapeleka kwa Toribio. Delmira aliyapokea kwa aproni yake, akakaa chini akalia, na sisi tukalia naye, na ninakwambia hapakuwa na kamera.

Nilimuuliza kuhusu wewe. Alisema, “Doña Otilia, kwanza nipande. Mume baadaye.”

Kwa hiyo fanya hivi. Wapigie simu waandaaji uwaambie ukweli wote, mpaka beseni. Wakitaka kuja bado, waje, lakini waje na viatu vya matope. Kabla ya siku hiyo geuza lile biwi la mboji, wewe mwenyewe, kwa koleo, na kuku sasa hawapo wa kusingiziwa. Nenda kwa shemeji yako bila kofia ya kongamano lolote, simama hapo getini, useme “samahani, Delmira,” kisha unyamaze. Najua kunyamaza ndiko kutakakokutoa jasho. Watoto wakicheka, waache wacheke.

Siku ya kupanda Delmira atakuja, maana zamu ni yake, ameilipia kwa mgongo wake kwenye mashamba ya watu. Jiwe la kusagia litakuja naye. Ila wanawake siku hiyo watashika vijiti, hawatashika sufuria. Chakula cha wapandaji ni chako, na atakayepiga magoti mbele ya jiwe ni wewe. Kupiga magoti unajua, picha tumeiona. Atakayekuletea mahindi ya kusaga ni jirani yeyote mwenye huruma, meupe, ya kawaida. Mekundu hayaliwi mwaka huu.

Na mgeni akiinama na kamera yake akakuuliza Mlinzi wa Mbegu ni nani hapa, usiseme neno. Nyoosha kidole, hichohicho cha waridi, umwonyeshe Delmira.