Ngazi Nne na Ile Picha ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 12 Julai.

Mpendwa Dada,

Shikamoo, dada yangu. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu. Mgongo uliokusumbua tangu mwezi wa tatu unaendeleaje? Uliandika kwamba kazini wamekuhamishia kazi ya kukaa. Nimefurahi, ingawa nakujua, kukaa kwenyewe hujui. Na baridi ya huko imelegea, au bado unalala na soksi mbili?

Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakohoa kidogo kwa vumbi, na hilo vumbi nitalieleza huko mbele. Mama hajambo. Sentensi hiyo irudie kuisoma, Dada, kwa sababu tangu mwaka jana ndiyo mara ya kwanza naiandika bila kuchanganya uongo.

Kalamu hii nimeishika na kuiweka chini mara nne. Mwanamume mzima, napanda dari za watu bila woga, leo naogopa karatasi. Lakini Mama kasema hatanisemea safari hii. Kasema, "Uliyaandika kwa mkono wako, yafute kwa mkono wako." Basi ngoja niyafute.

Naanza na ile picha uliyoitundika sebuleni kwako. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu ulichomtumia, kavaa gauni lake la kijani, nyuma yake lango, anacheka. Uliniandikia kwamba wenzako kazini wameisifu, na kwamba wewe ukichoka unaitazama unapata nguvu. Dada, ile picha ni ya dakika tano.

Mama alikuwa hatoki nje. Siku ile nilimwita jirani yetu fundi bomba, tukambeba Mama kwenye kiti cha plastiki, tukamshusha ngazi zangu nne, tukampakia kwenye kiti chako ambacho kilikuwa bado kina nailoni. Nailoni niliichana palepale. Nikapiga picha. Mama akauliza, "Tayari?" Nikamwambia tayari. Akasema, "Basi nisukumeni kidogo, mpaka langoni tu, niione barabara." Mimi nilikuwa na zege la mteja limeshakorogwa, na fundi bomba kashavaa kofia yake. Nikamwambia, "Kesho, Mama." Tukambeba tukamrudisha ndani.

Kesho hiyo ilikaa miezi minane.

Kiti chako nikakiweka kwenye kona ya sebule, wifi yako akakitandikia kitambaa, juu yake tukaweka redio. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba kiti kinafanya kazi kila siku, kweli kilikuwa kinafanya, kilikuwa kinabeba redio. Wakati ule niliona nimekuwa mjanja kweli kweli. Sasa nikikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Ngazi zenyewe huzijui, maana uliondoka kabla. Nilizijenga mwaka nilioanza kujitegemea, simenti nyekundu, nimezipiga nta mpaka unajiona sura. Mteja akitaka kuijua kazi yangu namleta mlangoni kwa Mama azitazame. Mtaa mzima unaniita Fundi Ngazi, na nikiitwa hivyo hata mwendo ulikuwa unabadilika. Mama alipokatwa mguu kwa lile donda la kisukari, nikasema basi, sasa Mama ni mgonjwa, apumzike. Chakula kitandani, kuoga kwa kubebwa, na wageni wakija nawajibu amelala. Saa nne asubuhi, amelala. Saa kumi jioni, amelala. Nikaliita jambo hilo heshima kwa mzazi.

Mwezi wa tano akaja hapa mtaalamu wa viungo, kutoka ile kliniki ya utengamao inayowasaidia watu kurudia shughuli zao baada ya ugonjwa au ajali. Mama alikuwa amekosa miadi mitatu, na kwenye kitabu chao ikaonekana kwamba Mama hataki. Binti mwembamba, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani. Akaniuliza Mama anaweza kufanya nini. Mimi nikamjibu asiyoyaweza. Nilitiririka, Dada! Hawezi kuhama kitandani, hawezi kuoga, hawezi kwenda chooni, hawezi kushika sufuria, na siku hizi hata kiu hana, ikifika alasiri hagusi maji. Binti akaandika yote. Halafu akamgeukia Mama akamuuliza lilelile.

Mama akaomba ubao.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikachukua ubao wa kufungia zege, nikaufuta. Redio ikashushwa, kiti kikaletwa kando ya kitanda. Mama akaulaza ule ubao kati ya kitanda na kiti chako, akajivuta juu yake taratibu, mkono kwa mkono, huyo akakaa kitini. Akajiweka sawa gauni. Kumbe hospitali walimfundisha ile wiki ya mwisho, siku ambazo mimi nilikuwa naingia wodini nikitazama saa. Miezi yote ile ubao uko nyuma ya nyumba, na hakuna aliyemuuliza.

Na ile habari ya kiu akaieleza mwenyewe bila kunitazama. Alisema akinywa maji alasiri itabidi mkwe wake amburute chooni, na mgongo wa mwenzake anauonea huruma. Mgonjwa wa kisukari anajinyima maji, Dada, kwa sababu mlango wa choo niliouweka mimi haupitishi kiti! Wifi yako alilia. Mimi nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Binti akamuuliza Mama, sasa, anataka kufanya nini. Nilidhani atasema anataka kutembea. Mama akasema, "Nataka kuchagua nyanya mwenyewe. Mwaka mzima nakula nyanya za mtu asiyejua nyanya." Huyo mtu ni mimi.

Halafu akasukuma magurudumu kwa mikono yake, akakata sebule, akafika mlango wa mbele, akakomea hapo. Mbele yake ngazi nne, zinang'aa.

Binti akatoa futi kwenye mkoba. Nikadhani anampima Mama. Akapima ngazi. Akarudi ndani akapima mlango wa choo. Fomu yake ina sehemu ya kuandika kinachomzuia mtu, nami nikachungulia nikitegemea kuona ameandika mguu. Aliandika: ngazi nne, mlango wa choo sentimita hamsini na nane. Akanieleza kwa upole kwamba mguu umekatwa na hautaota, hilo lilikuwa la daktari na limekwisha. Lakini kutotoka nje ni jambo lingine, akasema, na hilo halikuletwa na kisukari. Akasema ulemavu mwingi anaoukuta kwenye nyumba za watu umejengwa kwa tofali na simenti. Kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Nani alijenga hizi ngazi?"

Mama akatazama dari. Wifi yako ghafla akakumbuka sufuria jikoni.

Nikasema, "Fundi mmoja hivi."

Ndiyo, Dada. Ngazi nilizojivunia miaka tisa, ambazo zimenipa jina, nilizikana mbele ya aliyenizaa. Binti akasema, "Basi mtafuteni huyo fundi, mumwambie arekebishe," akaaga akaenda zake. Mama hakuniumbua. Alingoja lango lifungwe, ndipo akaniuliza, "Mwanangu, huyo fundi mmoja hivi, unajua anakokaa?"

Sikulala vizuri wiki ile. Na sasa nafika pale ninapopaogopa. Ungeniuliza kwa nini sikuzivunja mapema, ningekwambia ni kazi nyingi, ni mvua, ni hili na lile. Visingizio havinunuliwi dukani. Lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo naandika. Nilimwonea aibu Mama. Niliona wateja watakuja kuangalia ngazi, watamkuta mlangoni na mguu mmoja, nikaona nyumba yetu itaitwa nyumba ya kilema. Sikuwa namtunza, nilikuwa namficha. Mama aliyenibeba mgongoni, na wewe ukimshika kanga, tukienda kliniki kwa miguu nilipougua surua. Yeye hakuona haya kubeba mtoto mwenye vipele njia nzima.

Jumatatu iliyofuata nikachukua nyundo. Kinyozi hajinyoi, wanasema, na kweli nyumba za wateja nilizimaliza kwa wakati, ya Mama ndiyo ikangoja. Nikavunja ngazi mchana kweupe, watu wanapita. Mmoja akasema, "Fundi Ngazi, umegombana nazo?" Nikamwambia ndiyo, tumegombana. Vumbi likaingia mpaka kwenye sukari, na hapo ndipo kilipotoka kikohozi cha wifi yako.

Nikajenga njia ya mteremko kwa siku mbili, nikajisifu tena, maana mimi sijifunzi. Kumbe nimeiinamisha kama ile ya kupandishia toroli la zege! Mama akaijaribu, kiti kikachomoka naye, nikakidaka kwa tumbo. Alama ninayo mpaka leo. Binti wa kliniki aliporudi akacheka kwanza, halafu akanipa hesabu: kwa kila shubiri moja ya kupanda, shubiri kumi na mbili za kwenda. Nikapima. Njia ilitaka karibu mita tisa, na kutoka mlangoni hadi langoni ni sita tu. Ikabidi njia ipinde kona ukutani, na kile kibaraza nilichokuwa nakaa na wateja nikakivunja. Safari hii binti aliniita fundi. Mama alikuwa keshamwambia, au labda alinigundua siku ileile ya kwanza. Sikuuliza.

Mlango wa choo nimeupanua pia. Mama anakunywa maji saa yoyote anayotaka.

Sasa sikiliza la nyanya. Siku ya kwanza Mama alinikataza nisimshike. Nikawa namfuata hatua kumi nyuma, kama mlinzi asiye na kazi. Tukafika gengeni. Muuza nyanya alipomwona akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe mpaka watu wakageuka. Dada, yule mwanamke alijua Mama amekufa! Mwaka jana aliwahi kuniambia, "Pole sana kwa yaliyowakuta," nami nikajibu asante, nikachukua nyanya nikaondoka. Sikuuliza pole ya nini. Na kwa kuwa kila anayemuulizia namwambia amelala, mtaa ukamalizia wenyewe. Nilimzika mama yangu akiwa hai, kwa mdomo wangu huu.

Mama akamjibu muuza nyanya, "Sijafa, nilikuwa kwa fundi." Watu wakacheka. Kisha akachagua nyanya moja moja, akazirudisha mbili, akagombania bei sana, akashinda. Nilisimama pale na kapu, uso unawaka, na sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe. Vyote viwili kwa pamoja, sijui kama unanielewa.

Basi hiyo ndiyo habari. Ile picha uliyoitundika, naomba uitoe. Najua utaumia, na kama utanikasirikia una haki, nikemee kwa barua au kwa simu, hata mbele ya shemeji. Nilikudanganya wewe uliyejinyima ukatuma kiti, nikakupa dakika tano ukaziita maisha ya Mama. Nisamehe, Dada. Kama huwezi sasa, nitangoja.

Nilitaka bahasha hii iwe na picha nyingine, ya kweli. Leo asubuhi nikachaji simu, nikamnyooshea gauni la kijani nikalipeleka chumbani kwake. Kitanda kimetandikwa. Ubao umeegemezwa ukutani. Mama hayupo. Wifi yako anasema alitoka baada ya chai, hakusema anakwenda wapi wala atarudi saa ngapi. Hapo ndipo nilipokaa kuandika nikimngojea. Nilianza saa tatu, sasa ni saa saba na nusu, wino unakaribia kwisha, na gauni bado liko kwenye msumari. Kwa hiyo usishangae ukifungua bahasha usikute picha.

Msalimie sana shemeji. Wasalimie wapwa zangu, yule wa hesabu na yule mtundu, waambie mjomba wao siku hizi hajengi ngazi bila kuuliza kwanza nani atazipanda. Wifi yako anakusalimu kwa mikono miwili. Salamu za Mama mwenyewe atakupa akirudi. Mungu akulinde huko uliko, auponye mgongo wako, na atujalie tuonane sote tukiwa nje ya nyumba.

Mdogo wako akupendaye na anayekuonea haya,

Fundi mmoja hivi.