Kidole Kimoja na Mutumbwi wa Mupunga

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Magunia makumi tatu nimeshusha mbele ya saa nne. Vijana wawili pamoja: kumi na nane. Bandari yote ya Kindu inajua mugongo huu.

Nyumbani tulipika sombe, majani ya muhogo, lakini binti yangu Zaina hakula. Ijumaa inspekta anakuja kusikiliza somo lake. Akipita, anakuwa mwalimu kamili. Akianguka, anarudi kuuza mikate na mama yake. Somo njo uzito na mwendo wa vitu kule kwenye nyota.

Nikamuambia asiogope, mambo hayo najua. Nilikaribia kumaliza shule ya primeri! Kule juu hakuna uzito, basi treni nzima naisimamisha kwa kidole.

«Hapana, Papa. Uzito hausikiki tena, masi inabaki. Masi njo wingi wa kitu chenyewe.»

Kunipinga, miye! Nilikasirika. Nilifurahi pia. Nani mwingine Kindu iko na binti kama huyu?

Jumanne, tarehe 5

Nimemuita bandarini aone. Muto unabeba uzito wote wa mutumbwi, sawa na kule juu. Mutumbwi umejaa mupunga, unakuja kwa mwendo wa bibi arusi. Wabebaji wote nimewaambia habari ya treni, wanatazama. Nikanyosha kidole.

Haukusimama.

Kidole kikapinda, mguu ukateleza, nikaingia majini na kofia yangu. «Eh, Papa Treni! Simamisha na muto basi!» Haya kubwa. Zaina alinivuta, hakucheka mbele ya watu. Alicheka nyumbani, mpaka akakula sahani mbili. Basi si hasara.

Jumatano, tarehe 6

Kidole kimevimba kama ndizi. Sikubeba kitu. Nimekaa, nimefikiri. Kazi ngumu hiyo.

Miaka ya vita treni zilikufa. Nilisukuma kinga, baiskeli yenye mabidoni sita ya mawese, kutoka vijijini mpaka hapa. Breki hakuna. Kwenye barabara sawa, kuiondosha njo shida. Ikishaondoka, kuisimamisha njo shida. Wenye kuivuta nyuma ghafula walivunjika miguu. Miye nilianza kuzuia mbali, polepole, kandambili kwenye gurudumu. Zaina alikuwa mugongoni kwa mama yake. Mafuta hayo njo yalimukuza.

Nilijua, kumbe! Kidole hakikukosa nguvu. Kilikosa muda.

Nimemuambia Zaina. Alisimama na kijiko mukononi, kisha akakimbilia daftari.

Ijumaa, tarehe 8

Niandike vizuri.

Inspekta aliuliza: «Mwalimu, chombo cha kuonyesha kiko wapi?» Shuleni hata mizani hakuna. Zaina akajibu: «Kiko bandarini, Bwana Inspekta.» Akatoka na darasa lote, inspekta nyuma na viatu vyake vyeupe.

Maji yalitulia kando ya gati. Mutumbwi umejaa. Nikaweka kidole, kile kizima, nikasukuma. Watoto wakahesabu. Kumi: hakuna kitu. Wabebaji wakaanza kucheka. Makumi mbili: ukatembea! Nikaenda mbele yake, nikaweka kidole tena, nikarudi nao kinyumenyume, hatua kwa hatua. Ukasimama. Hakuna aliyecheka.

«Muto umebeba uzito,» Zaina alisema, «lakini masi iko palepale. Na kule juu njo hivi.»

Inspekta akauliza kama mvuto wa dunia unaisha mahali. Zaina akajibu: «Unapungua kadiri unavyokwenda mbali, lakini haufiki sifuri.» Akaandika. Kisha akaninyoshea kalamu: «Na huyu muzee, nani alimufundisha?»

«Yeye njo alinifundisha miye.»

Nililia. Mbele ya wabebaji. Waseme wanavyotaka.

Jumapili, tarehe 17

Barua ilifika juzi. Amepita. Darasa lake jipya liko kule Kailo.

Ameondoka asubuhi na piki. Mama yake alifunga mikate. Sikutoa mzaha hata mmoja. Piki ilipowaka niliweka kidole nyuma ya kiti, nikasukuma kidogo. Haikuhitaji.

Kailo si mbali sana. Mvuto unapungua. Haufiki sifuri.